Kigoda Nilichokitoa kwa Makumbusho ya Bunge Ili Nisikikalie

Kosa ni langu. Sikutumwa, sikulewa, wala shetani hakunishika mkono. Shetani naye ana kazi zake nyingi, tusimsingizie kila kitu. Nililitenda mwenyewe, mchana kweupe, na watu wakanipigia makofi.

Nimejifunza kuandika uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo sentensi zangu zikipinda msinicheke. Mimi nimepinda zaidi ya hizo.

Sisi ni Wafipa wa juu huku uwandani, mwendo wa nusu siku kutoka Sumbawanga mjini. Tulipohamia kijiji cha ujamaa nilikuja na wajukuu wangu, mawe yangu ya kusagia na kigoda nilichoachiwa na mama mkwe.

Kigoda chenyewe ni kifupi, cha miguu mitatu. Ukikikalia, magoti yanakaribia kidevu, na mtu wa makuu hawezi kupendeza pale. Lakini hicho ndicho kilikuwa baraza letu.

Desturi ni hii. Watu wawili wakigombana juu ya jambo lisilo na shahidi, hawapigani wala hawaendi mjini. Jumapili baada ya misa, watu hukusanyika uani kwa mwanamke anayetunza kigoda. Anayeshtaki hukaa kwanza, bila viatu, nyayo zikigusa ardhi, na kusema neno lake. Kisha anayeshtakiwa hukaa naye akasema lake. Basi. Hakuna kiapo, hakuna dawa.

Mtu akidanganya pale juu inakuwaje? Sijui! Hakuna aliyewahi kuthubutu kujaribu. Anayekataa kukaa huhesabiwa kuwa amekwisha kujibu.

Sasa sikieni uchafu wangu.

Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, na mbegu za ulezi wa shamba hilo ziliwekwa kwenye kihenge ndani ya ghala kavu lililo nyuma ya nyumba yangu. Funguo tulishika watu wawili, mimi na Sabina. Sabina ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ni mwanamke mkimya, mwenye mikono ya kazi, na akilima matuta ya ntumba, yale ya mviringo ya kufukia majani, vijana wanaona haya kumfuata nyuma.

Mwanangu wa mwisho akaoa. Ulezi wangu mwenyewe ulikuwa umekwisha, na harusi ya Mfipa bila pombe ya ulezi ni msiba wenye nyimbo. Nikafungua ghala. Nikasema nitachota kidogo, nitarudisha nikivuna. Nikachota kidogo. Kisha nikachota tena kidogo.

Jamani, pombe ilikolea! Kijiji kizima kilikunywa. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikunywa akaimba, na sauti yake ni kama ya mbuzi aliyebanwa mlangoni. Watu walinisifu. Hakuna aliyejua kwamba anakunywa shamba lake la mwaka unaokuja.

Mvua zikaja. Siku ya kupanda, kihenge kikafunguliwa mbele ya watu, na mbegu zilikuwa zimebaki chini chini kama machicha. Wote wakatugeukia wenye funguo.

Mwenyekiti akauliza, "Bibi, mbegu ziko wapi?"

Nami nikasema, "Mwulizeni Sabina."

Maneno mawili tu! Hata sikusema ameiba. Nilisema mwulizeni. Ndivyo sisi watu wazima tunavyoua mtu, hatushiki kisu.

Sabina alinitazama kana kwamba nimeongea Kizungu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Sawa. Wifi, toa kigoda. Jumapili. Wewe umenitaja, wewe utaanza kukaa."

Watu wakasema, "Naam, Jumapili."

Ole wangu! Siku zile sikula. Nilikuwa nikifagia uani namwona yule mnyama wa miguu mitatu amekaa kwenye pembe yake, ananingoja.

Msaada ukaja, na ulikuja kwa Landrova ya Serikali.

Akashuka Afisa Utamaduni, kijana wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu, suti ya Kaunda imenyooshwa kweli kweli, viatu vinang'aa mpaka kuku wakajitazama humo. Mwenyekiti akapiga kengele, tukakusanyika.

"Shikamooni wazee! Ndugu wananchi," akasema, "Taifa linajenga nyumba ya makumbusho ya historia ya Bunge letu. Tunataka vizazi vijavyo vijue kwamba mjadala haukuletwa na mkoloni. Mababu zetu walikuwa na mabunge yao. Tunakusanya vitu vyao. Wenzenu wa Matai wametoa ngoma ya kuitia watu. Wa Kipili wametoa kasia la mjumbe. Ninyi mna nini?"

Mwenyekiti akaruka. "Tuna kiti changu!"

"Cha lini, Ndugu Mwenyekiti?"

"Kilinunuliwa mwaka jana, lakini nimekikalia sana."

Hata kijana wa watu akainama kuficha meno. Akauliza tena, "Mababu walikuwa wakiamulia mambo wapi?"

Macho yote yakaja kwangu. Mzee mmoja akanong'ona, "Kigoda." Mwingine akamkanyaga.

Yule Afisa alipoingia uani na kukiona, alipiga magoti. Nasema kweli, alipiga magoti na suti yake! Akakigeuza, akakinusa. "Mama, hili ndilo Bunge lenyewe! Nipe nikipeleke."

Sisi Wafipa tumelelewa na hadithi ya mke aliyewaachia wanawake wageni kiti cha mumewe, mume akiwa porini anawinda. Aliporudi, wageni walikuwa wamekaa na ufalme umekwenda. Kila mtoto wa kike huku ameambiwa, mgeni mpe maji, mpe ugali, kiti cha watu usimpe. Na mimi niliambiwa. Nilikumbuka vizuri sana.

Sabina akasema, "Ndugu Afisa, kichukue Jumatatu. Jumapili kina kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Kunisafisha."

Afisa akacheka. "Bunge la Taifa lisubiri ugomvi wa jikoni?"

Na mimi hapo, ndugu zangu wasomaji, mimi mtu wa rozari, mimi niliyechapa watoto wangu wote kwa kusema uongo, nikainua mkono juu nikapaza sauti, "Taifa kwanza!"

Makofi! Vigelegele! Mwenyekiti akanishika mkono akautikisa kama anatwanga. "Huyu ndiye mama mzalendo! Mnaona? Na ile kesi yenu nimeifunga. Kigoda kimepandishwa cheo, hakiwezi tena kusikiliza mambo ya ghala."

Kigoda kikapandishwa garini, kikafungwa kwenye blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Sabina akanisogelea. Hakupiga kelele. Alisema, "Umeshajibu, wifi."

Alikuwa na haki. Anayekikimbia kigoda amejibu. Lakini nani angemsikiliza? Kijiji kilikuwa kimelewa sifa, na ulevi huo ni mbaya kuliko wa ulezi.

Sabina akanyang'anywa ufunguo. Shambani wanawake wakaacha kumpa zamu ya kuongoza mstari. Watoto wakamtungia wimbo, "Panya wa ghala, ana meno ya wifi." Ndoo yake kisimani ikawa inasukumwa nyuma. Siku moja akafunga mzigo wake, akateremka milima kwa miguu mpaka Wampembe, ziwani, alikoolewa binti yake. Hakuniaga. Ningekuwa mimi nisingeaga.

Nikaenda kuungama. Padre akanipa rozari na sala, akaniondolea dhambi. Nikatoka kanisani nikiwa mwepesi mpaka mlangoni tu. Maana padre ndiye aliyenisamehe, na aliyeitwa panya ni mwingine!

Na kijiji je? Lo! Tulipokosa kigoda tukaundiwa kamati ya usuluhishi. Watu walikuwa wakikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na "Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu ni fupi," halafu jua linazama naye bado anafupisha. Kesi ya mbuzi jike mmoja iliahirishwa mpaka mbuzi akazaa, watoto wake nao wakawa wakubwa, na kamati ikaomba ipewe muda ichunguze watoto ni wa nani. Zamani neno lilisemwa, watu wakala, wakaenda kulala.

Siku zikapita. Yule Afisa akarudi, safari hii kunichukua mimi. Makumbusho yanafunguliwa Dar es Salaam, na waliotoa vitu wanaalikwa. Nikavalishwa kitenge kipya na viatu vya kubana. Lori mpaka Mbeya, kisha treni. Njiani kote kijana ananiita Mama Kigoda na kunifundisha kusema, "Nimefurahi sana, Mheshimiwa."

Hilo jumba, jamani! Sakafu unaweza kujitazama. Nilionyeshwa vitu vya Bunge la wakoloni. Kulikuwa na wigi la nywele za farasi ambalo Mzungu mkubwa wa baraza alikuwa akivaa, joto la pwani likimchemsha! Kwetu mtu akijivika mkia wa mnyama kichwani tunamtafutia mganga. Kulikuwa na rungu zito la kung'aa. Nikauliza limempiga nani. Wakasema halipigi, linabebwa tu mbele ya watu. Nikauliza, aliyelibeba anasema nini? Wakasema hasemi kitu. Nikaona nitulie.

Ukutani kulikuwa na picha za wabunge, safu kwa safu. Wote wamekaa, anayesema ndiye amesimama. Kwetu ni kinyume. Wengine husimama, na anayesema ndiye hukaa chini, ili akichoka kusema kweli asiwe na mahali pa kukimbilia.

Nikafika mwisho wa chumba. Kigoda kile pale! Kimepakwa mafuta, kimewekwa juu ya jukwaa, kimezungushiwa kamba nyekundu, taa inakimulika. Mbele yake kibao. Nikasoma herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa kisomoni:

KIGODA CHA SPIKA WA JADI, UFIPA. MARUFUKU KUKALIA.

Nikasoma tena, nikidhani macho yangu mabaya.

Nikamwambia yule mama aliyekuwa akitembeza wageni, "Mwanangu, kwetu hakuna spika. Hiki hukaliwa na yeyote aliyetajwa. Hata mwizi."

"Ndiyo bibi, lakini wageni wataelewa zaidi hivi."

"Na mbona mmekataza kukikalia? Kisipokaliwa hakifanyi kazi."

"Ndiyo makumbusho, bibi. Vitu vimepumzika."

Wamepumzisha ukweli! Wameufunga kamba, wameumulika taa, wameandika usiguswe. Na nani amewaletea? Mimi!

Waheshimiwa wakaingia na msafara wao. Hotuba ikaanza, ya urithi wa mababu, ya uwazi, ya kusema bila woga. Ilikuwa ndefu. Miguu ikaniuma ndani ya vile viatu, na moyo ukaniuma zaidi. Nikamwona Sabina mbele yangu, mzigo kichwani, anateremka milima.

Nikavua viatu. Nikainua kamba nikapita chini yake. Yule Afisa akasema kwa sauti ndogo, "Mama... Mama Kigoda... hapana..." Nikakaa. Magoti yakaja kidevuni. Nyayo zikagusa lile jukwaa lao, hapakuwa na ardhi, nikasema Mungu atanisamehe, ardhi iko chini yake.

Hotuba ikakatika.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyechukua mbegu za kijiji. Nilizipikia pombe ya harusi ya mwanangu. Sabina hakugusa hata punje. Nilimtaja kwa sababu niliogopa. Na kigoda hiki sikukitoa kwa kupenda Taifa, nilikitoa nisije nikakikalia."

Nikasikia taa ikiunguruma. Machozi yananitoka. Nikasema moyoni, sasa wanikamate.

Mheshimiwa mmoja akaanza kupiga makofi. Kisha wote. Makofi ya kuangusha paa!

"Igizo zuri mno!" akasema. "Hata machozi ametoa! Utamaduni huu udumishwe!"

Afisa, jasho linamtiririka, akatabasamu meno yote. "Asante, Mheshimiwa. Tulifanya mazoezi."

Mpiga picha akanijia mbio. "Bibi, rudia kidogo, pale pa kulia. Mashine haikuwa tayari."

Ee Bwana! Nimesema kweli ya maisha yangu juu ya kigoda chenyewe, nikapewa zawadi ya kitenge kingine!

Niliporudi sikukaa nyumbani. Niliteremka Wampembe. Goti langu moja ni bovu, lakini nilifika. Nikamkuta Sabina anaanika dagaa mchangani. Hakuinuka.

"Wifi, nimesema," nikamwambia. "Nimekikalia, nikasema yote."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya waheshimiwa. Dar es Salaam."

Akageuza dagaa wake. "Hao ndio walioniita panya?"

Nikainama nikamsaidia kugeuza.

"Wifi," akasema, "mimi sikuchafuliwa Dar es Salaam. Rudi ulikonichafulia. Samaki anaoshwa alikopakwa mchanga."

Nikalala kwake usiku ule, alinipa chakula, alinipa mkeka, neno hakunipa. Asubuhi nikapanda milima.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama. Kabla sijamaliza, Mwenyekiti akagonga meza. "Bibi, hilo halimo kwenye ajenda."

"Liwekwe chini ya mengineyo."

Vijana wa nyuma wakacheka. Mwenyekiti akashuka mezani akaninong'oneza, "Unataka kutuvunjia jina? Picha yako imetoka gazetini Dar es Salaam. Kijiji chetu kinaitwa kijiji cha mfano. Na hizo mbegu... pombe ile tulikunywa wote. Unataka niandike kwamba kamati nzima ya kijiji ilikunywa mbegu za ujamaa?"

"Andika."

Akarudi mezani, akapaza sauti, "Ndugu wananchi, bibi yetu ana huruma, anataka kumfichia wifi yake aibu. Lakini ninyi Wafipa mnajua, neno la kesi lisiposemwa juu ya kigoda halina uzito. Kigoda kiko wapi?"

Watu wakajibu, "Kiko Bungeni!"

Yeye ndiye aliyeshangilia kilipoondoka, na sasa anakitaka! Nikamwambia basi tukiombe kirudi. Akasema hakirudi, ni mali ya Taifa, na zaidi ya hapo Taifa ni sisi wenyewe, kwa hiyo kiko kwetu tayari. Mjumbe mmoja akasema hoja hiyo ni nzito, iundiwe kamati ndogo.

Nikaona hawa watanizika kwa makofi. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nilikaa chini, mavumbini, kwenye kila mlango, nikasema neno langu. Wengine walinisikia. Mama mmoja alilia, akasema, "Na mimi nilisukuma ndoo yake." Wengine walimwambia mwanangu bibi amezeeka, mfungieni ndani. Mwanangu mwenyewe, mwenye ile harusi, alisema, "Mama, ungenyamaza tu, mambo yalikuwa yamekwisha."

Yalikuwa yamekwisha kwa nani?

Ndipo nikakumbuka huu ukurasa wenu wa maungamo gazetini. Nimeambiwa hamtaji jina la mkosaji. Nimeshangaa kidogo. Kumbe mkosaji analindwa kila mahali! Haya, langu lifiche. Lakini jina la wifi yangu msilifiche, nawaomba kwa magoti, ndilo lililochafuliwa na ndilo linalotakiwa kuoshwa.

Na wewe unayesoma, nisikilize, bibi yako nasema. Ukiwa na neno la kumsafisha mwenzio, liseme leo, wakati bado mnachota maji kisima kimoja. Usingoje upate mahali pa heshima. Ukweli ukiuchelewesha hutaupata pale ulipouacha, utaukuta umepakwa mafuta, umewekewa taa, na watu wanaulipia nauli kwenda kuutazama. Utausema na utapigiwa makofi. Na mtu wako atakuwa mbali, anaishi na jina ulilompa.

Na ogopeni sana watu wakiwapigia makofi kabla hamjamaliza kusema. Siku ile uani kwangu, kama mtu mmoja tu angeniuliza "Bibi, kwa nini leo na si Jumatatu?" ningeanguka chini. Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanashangilia.

Ninyi wa Wampembe, najua gazeti huko hufika limechelewa, limefungia chumvi dukani. Si neno. Atakayelikunjua, asilitupe. Aulize anakoishi Sabina wa kutoka juu, mama wa dagaa, mkimya. Yeye hakuja kisomoni, hajui kusoma. Amsomee kwa sauti, majirani wakiwepo, tena asimame nje wasikie wapitao. Haya mengine yote ayaruke kama ana haraka. Asome hapa tu:

Sabina hakuiba. Mwizi ni wifi yake.